Raifo za bolti: maswali ninayoulizwa kila mara kuhusu ubora wake na kuinunua

Nimerudi Malindi baada ya misimu 14 kwenye vitalu vya uwindaji Tanzania. Kazi yangu ilikua kubeba na kutunza bunduki, asubuhi nazipangusa jioni nazipangusa, na tangu nirudi nyumbani haipiti wiki bila mtu kunitumia voisi ama kunikuta kwa kahawa akitaka kujua raifo nzuri ajuaje. Maswali ni yale yale, basi nimeyaandika hapa, mwenye kutaka asome.

Ami, kwani Malindi kuna uwindaji?

Hakuna. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977 na mpaka leo iko hivo, ukipatikana Sala ama Galana na nyama ya swara hata hiyo raifo iwe na karatasi zote wewe ni jangili tu. Wanaoniuliza ni vijana wanaoenda kutafuta kazi kwa kambi za Tanzania, watu wa ranchi wenye leseni, wapiga shabaha wa klabu, na wale wenye wajomba Tanga na Morogoro wanaomiliki kihalali. Naandika kwa ajili yao. Kama shida yako ni nyani wanaokula mahindi, ripoti KWS, wale wa wanyamapori.

Raifo ya bolti ni ipi hasa?

Ni ile unayoikoki kwa mkono kila risasi. Wainua kipini, wavuta nyuma ganda latoka, wasukuma mbele risasi mpya yaingia chemba (kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu), wateremsha kipini imefunga. Mfumo ambao karibu wote wameuiga ni wa Paul Mauser wa Ujerumani, ile ya mwaka 1898. Miaka zaidi ya 120 na bado watu wanarudi pale pale. Inapendwa kwa uwindaji sababu ina vitu vichache vya kuharibika, yafunga imara, na fundi mwenye akili aweza kuifungua yote mezani.

Nikiishika dukani naanza kuangalia wapi?

Hapa ndo penye kazi kwa hivo vumilia, nitaandika mengi.

Kwanza kabisa fungua bolti uangalie chemba kama iko tupu, alafu tia kidole uhakikishe, hata kama muuzaji ameifungua mbele ya macho yako sasa hivi. Mdomo wa mtutu uangalie pasipo na mtu. Muuzaji akikuona wafanya hivo akakuheshimu, huyo ni muuzaji. Akikuharakisha, tayari umejua kitu kumhusu.

Alafu acha kuangalia ubao. Najua, walnati yenye michirizi yapendeza na macho yanaenda pale yenyewe, lakini ubao mzuri haujawahi kumuokoa mtu porini. Bunduki inunuliwe kwa mkono na kwa sikio. Vuta bolti polepole, usukume polepole, uskize. Ikikwaruza sawasawa mwanzo mpaka mwisho ni alama za mashine za kiwandani, hizo zitalainika na matumizi. Ikikwama sehemu moja tu, kila mara pale pale, hapo pana kitu kimepinda ama pana kibanzi cha chuma hakikusafishwa. Bolti ikiwa imevutwa nyuma kabisa kucheza kidogo kushoto kulia sio ubovu, Mauser zote zacheza, ila ukiifunga isicheze hata kidogo.

Toa bolti nje uangalie yale masikio mawili ya mbele, ndio yanayobeba nguvu yote ya baruti. Kwa bunduki iliyopigwa utaona alama za kusuguana nyuma ya masikio, na yatakikana yote mawili yawe na alama. Likiwa moja limeng'aa na lingine bado jeusi kama siku lilipotoka kiwandani, maana yake sikio moja labeba mzigo peke yake, hio haikukaa sawa.

Sasa mtutu. Upanguse kwanza, tia kitambaa kikavu upitishe, sababu mafuta yanaficha vishimo vya kutu na wauzaji wengine wanajua hilo vizuri. Angalia kwa mwanga kutokea upande wa chemba. Mifereji iwe na kingo kali, inazunguka bila kukatika. Ukiona rangi ya shaba usiogope, hio yasafishika. Ukiona vidoadoa vyeusi kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui, weka chini. Mdomo wa mtutu upitishe pamba kwa kuzunguka taratibu, nyuzi zikinasa pana mkwaruzo, na mkwaruzo mdogo wa mdomoni wapeleka risasi kombo kuliko uchafu wa ndani wote.

Chukua noti ya mia, ipitishe kati ya mtutu na ubao kutoka mbele kurudi nyuma. Raifo nyingi za siku hizi mtutu unaelea, haugusi ubao, noti yapita mpaka karibu na chemba. Zingine za zamani zimefanywa makusudi ziguse pale mbele, hizo si kasoro. Kasoro ni kugusa upande mmoja tu.

Mwisho skrubu. Vichwa vikiwa vimetafunwa na bisibisi ujue kuna mtu asiye fundi aliingia mule ndani, na hujui aligusa nini.

Watu wanasema ekstrakta ya Mauser ndio bora, ni kweli ama ni mazoea ya wazee?

Kwa mnyama anayeweza kukuua, ni kweli, na nasema kwa kuona.

Iko hivi. Mauser ina ukucha mrefu kando ya bolti, ndio hiyo ekstrakta, risasi ikitoka tu kwa magazini ule ukucha unaikamata kitako na kuipeleka mpaka chemba, haiachwi njiani. Mfumo mwingine bolti yaisukuma tu risasi mbele kama unavyosukuma mkokoteni, na inaikamata mwisho kabisa ukifunga. Kwa swara, kwa shabaha, kwa mtu aliyetulia, huo wa kusukuma hauna tatizo na bunduki nyingi zilizo sahihi sana ni za aina hiyo.

Lakini msimu mmoja mgeni alikuja na raifo mpya ya .375 (huo ni unene wa risasi kwa inchi) ya kusukuma, alimpiga mbogo risasi ya kwanza ikaingia nyuma kidogo, mbogo akageuka. Mgeni akasukuma bolti, kwa hofu hakuifunga, akaivuta tena nyuma akasukuma tena. Ile risasi ya kwanza ilikua imeachwa ndani ya chemba haijakamatwa na mtu, ya pili ikaja kugonga kitako chake, bunduki ikafa pale pale mkononi. Mwindaji bingwa ndiye aliyemmaliza yule mbogo, hatua chache kutoka tuliposimama. Kwa ukucha wa Mauser ile risasi ya kwanza ingerudi nyuma pamoja na bolti. Tangu siku hio mtu akiniuliza bunduki ya mbogo simpi majibu mawili.

Namna ya kujaribu dukani: omba risasi za bandia zisizo na baruti, jaza magazini, uzipitishe zote polepole, alafu haraka, alafu bunduki ikiwa imelazwa ubavu. Ikikataa moja kati ya ishirini dukani kwenye kiyoyozi, porini itakataa nyingi zaidi.

Traiga na sefti nazijaribu vipi?

Bunduki ikiwa tupu, umehakikisha tena kwa kidole. Koki, weka sefti (kile kizuizi cha kufyatua), vuta traiga kwa nguvu, achia. Sasa toa sefti bila kugusa traiga. Ikilia "ta", irudishe kwa mwenyewe, hio ingefyatua siku unayotoa sefti. Alafu koki tena, gonga kitako chini kwenye mkeka, funga na kufungua bolti kwa kishindo. Isifyatuke.

Hili si jambo la kubahatisha. Remington mwaka 2014 ilibidi iite zirudishwe raifo za Model 700 zenye traiga inayoitwa X-Mark Pro sababu zilikua zinaweza kufyatuka bila kuvutwa, na hio ni raifo maarufu iliyoanza mwaka 1962, si bunduki ya uchochoroni. Ukikutana na ya mtumba ya miaka ile uliza kama ilirekebishwa, uonyeshwe karatasi.

Uzito wa traiga kwa uwindaji, kilo moja na nusu mpaka mbili yatosha. Mimi napima kwa mizani ya kuning'iniza ya wavuvi, ile ndogo, naitundika kwa traiga naivuta. Traiga nyepesi kama unywele ni ya mezani kwa wapiga shabaha, mtu aliyekimbia kilima na jasho mkononi haimfai.

Ubao ama plastiki?

Kwa sisi wa pwani, plastiki au ubao wa kubandikwa tabaka tabaka. Walnati ya kawaida yanywa unyevu, kusi ikiingia yavimba, kaskazi ikiingia yakauka, na kila ikisogea yausukuma mtutu. Raifo iliyokua yapiga sawa Januari, Juni yapiga kushoto na mwenyewe analaumu skopu, ile darubini ya kulengea. Plastiki ya bei rahisi nayo ibane kwa vidole pale mbele, ikipinda mpaka kugusa mtutu basi itagusa pia ukiiegemeza kwa fimbo. Kwa kaliba kubwa, yaani bunduki ya risasi nene, angalia nyuma ya chemba na pale kwenye shingo ya ubao kama kuna ufa mwembamba kama unywele, mateke ya .375 yanapasua ubao usiokatwa vizuri.

Eti ya stenlesi haishiki kutu?

Yashika. Inachelewa tu. Mimi nimeona mtutu wa stenlesi ukiwa na vidoa vya kahawia baada ya majuma mawili kwa nyumba iliyo mbele ya bahari. Chumvi ya hewani yakaa juu ya chuma na yavuta maji, usiku ule umande unafanya kazi wewe umelala. Nyumba ya mtaa wa Shella hapa Malindi na nyumba ya Arusha si sawa, muuzaji wa bara hatakwambia hili sababu hajaliona.

Kwa hivo usiiweke ndani ya mkoba wa ngozi wala wa sponji, hio yahifadhi unyevu kama kitambaa cha mvua. Iweke kwa sanduku la chuma linalofungwa, ambalo sheria nayo yataka uwe na mahali salama, na ndani utie vile vipakiti vya kukausha hewa. Panguse kwa kitambaa chenye mafuta kila ukiishika, alama za vidole tu zaweza kuanzisha kutu. Na toa bolti upanguse chini yake, pale ndo watu wanasahau.

Kingine, risasi za zamani za jeshi. Nyingi zina fataki (kile kiwashio cha baruti kitakoni) inayoacha chumvi ndani ya mtutu, mafuta hayaitoi, yatolewa na maji ya moto alafu ukaushe alafu ndo utie mafuta. Nimeona mitutu mizuri ikioza kwa siku tatu sababu ya hilo.

Kaliba gani ninunue?

Yategemea leseni yako yasema nini na mnyama gani, basi. Kwa Tanzania kanuni zataka isipungue .375 kwa wanyama hatari, na .375 ya Holland & Holland ya mwaka 1912 bado ndiyo naiona kwa wingi kwa vitalu, sababu risasi zake zapatikana na mateke yake mtu wa kawaida ayaweza. Kwa swara, .30-06 ama .308 yatosha na yabaki. Hemingway, yule mwandishi Mmarekani, alipokuja kuvua hapa Malindi mwaka 1934 alikua ametoka safari Tanganyika na Springfield yake ya .30-06, kaliba ya mwaka 1906.

Wako watakaokwambia Karamoja Bell, mwindaji wa ndovu wa zamani, aliua ndovu kwa 7x57 ndogo. Ni kweli, lakini yule alipasua mafuvu ya ndovu kusoma ubongo ulipokaa, na alikua na shabaha ambayo mimi na wewe hatuna. Wazee wa Kiwaata huku nyuma yetu walifanya kwa uta na mshale wa sumu, nao vivyo hivyo, ulikua ujuzi wa maisha mzima. Usinunue bunduki ndogo kwa kutegemea ujuzi wa mtu mwingine.

Kampuni gani waiamini?

Nitasema nilizozishika tu. CZ 550 ya Czech kwa .375 na .416 Rigby, ni nzito, bolti yake ikiwa mpya yakwaruza, lakini ina ukucha wa Mauser na inabeba mateso yote, haitengenezwi tena kwa hivo utaipata ya mtumba. Winchester Model 70, ya mwaka 1936, walipoibadilisha 1964 wakatoa ukucha wateja walilalamika miaka na miaka mpaka wakaurudisha, ukinunua hakikisha ni ya ukucha. Tikka T3x ya Finland, inatoka kiwanda cha Sako, bolti yake ni laini kuliko nyingi za bei mara mbili, yapiga sawa kabisa, ila ni ya kusukuma na magazini ni plastiki, kwa swara na shabaha sioni bora kwa pesa hio. Howa 1500 ya Japani ni bunduki ya kazi, na Weatherby Vanguard yatengenezwa na Howa hao hao, kwa hivo usilipe zaidi kwa jina kabla hujalinganisha.

Ya mtumba je?

Nzuri sana, ukijua kusoma. Angalia namba ya bolti na ya mwili kama zinafanana, zikitofautiana kuna mtu amechanganya na ile nafasi kati ya bolti na risasi huenda si sahihi tena. Fundi ana vipimo vya chuma vya kukagua hilo, mlipe akague, ni pesa kidogo. Ukiweza kupata maganda yaliyopigwa na bunduki hio angalia juu kidogo ya kitako, ukiona mduara unaong'aa ganda linavutika kutaka kukatika, achana nayo.

Angalia pia mihuri ya ukaguzi kwenye mtutu. Za Ulaya zapigwa risasi kali kuliko kawaida kwenye nyumba ya ukaguzi kisha zagongwa muhuri, wa London, wa Birmingham, wa Liège, wa Ulm. Mtutu uliobadilishwa bila muhuri mpya yataka maelezo.

Kununua kwenyewe kuko vipi?

Karatasi kwanza, bunduki baadae. Kenya mambo yako kwa Firearms Licensing Board, waomba cheti, waeleza sababu, wachunguzwa, una cheti cha tabia njema, na hakuna duka halali litakalokupa bunduki kabla. Tanzania ni polisi kwa sheria ya mwaka 2015. Na karatasi ya Tanzania haivuki mpaka wa Horohoro kwenda Lungalunga, hio wengi hawaielewi.

Duka zuri nalijua kwa vitu viwili: laniacha nijaribu na risasi za bandia, na lina fundi wake pale pale. Msimu mmoja bosi alinituma nikachukue raifo mpya kwa duka moja, waliifunga skopu wenyewe, tukafika kambini risasi ya kumi skopu ikawa imesogea. Kufungua, skrubu mbili za mbele ni fupi, zimeshika nyuzi mbili tu. Tukapiga simu tukaambiwa ni sisi tumeiangusha. Tulipoteza siku mbili za mgeni aliyelipia kila siku, na kilichoniuma si skrubu, ni kuitwa muongo. Tangu hapo duka likinifungia skopu nafungua mbele yao, nahesabu nyuzi, nafunga tena. Wanaokasirika wakasirike.

Risiti iandikwe namba ya bunduki, kaliba, na masharti ya kurudisha. Maneno ya mdomo hayarudishi pesa.

Kuna mtu ana raifo ya bei rahisi bila karatasi, nifanye nini?

Ondoka hapo. Usiishike hata kuitazama, hujui imefanya nini kabla. Kifungo chake si cha mchezo.

Itapiga sawa kiasi gani ndio niseme ni nzuri?

Mita 100, umeegemea mfuko wa mchanga, risasi tatu. Zikiingia ndani ya sentimita 3 una bunduki nzuri sana, 5 yatosha kwa kuwinda maana mbogo apigwa mita 50 ama chini. Jaribu aina tatu za risasi kabla hujailaumu, kila mtutu una chakula chake. Na uache upoe kati ya mafungu, mtutu mwembamba ukishika moto watawanya.

Nimeshainunua, siku ya kwanza nifanye nini?

Safisha. Zatoka kiwandani na grisi ya safari, sio mafuta ya kazi, na grisi ile ikiganda ndani ya bolti pini yagonga kwa uvivu. Pangusa mtutu mpaka kitambaa kitoke kikavu kabla ya risasi ya kwanza, kaza skrubu za ubao, kaza za skopu, piga risasi 20, kaza tena. Andika kwa daftari tarehe, aina ya risasi, na zilipoingia. Daftari langu la kwanza bado ninalo, limeloa mafuta kurasa zote, na mpaka leo nikiulizwa raifo fulani ilipiga vipi nalifungua nasoma.